Alishindwa kuziokoa kuta za Beijing, kwa nini anaitwa baba wa uhifadhi?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Nasoma usanifu majengo mwaka wa tatu, hapa Dar es Salaam. Kwenye somo la historia tumefundishwa habari za Liang Sicheng, tukaambiwa ndiye baba wa uhifadhi wa majengo ya kale China. Nikaenda kusoma mwenyewe, nikachanganyikiwa: kuta za Beijing zilibomolewa macho yake yakiona, mpango wake wa mji ukakataliwa, na akafa akiwa ametengwa. Sasa huyu baba alihifadhi nini hasa? Nauliza kwa sababu nami naitamani fani hii. Hivi sasa tunapima nyumba moja ya zamani Bagamoyo kwa ajili ya mradi wa darasa. Ila mzee nyumbani anasema nitamaliza ujana nikililia magofu.

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Nilipokuwa mwanafunzi Beijing nilikuwa napanda treni ya chini ya ardhi kila siku, mstari wa 2, ule unaozunguka katikati ya mji. Tangazo linataja Xizhimen, Fuchengmen, Xuanwumen, Chaoyangmen. Hiyo "men" maana yake ni lango. Unatajiwa lango baada ya lango, lakini ukipanda ngazi kutoka nje, ukiacha Qianmen, unakuta barabara pana, magari na hoteli. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba treni ile inapita palepale ulipokuwa ukuta wa mji. Ukuta uliondolewa, njia ya treni ikachimbwa mahali pake, na majina yakabaki kwenye vipaza sauti. Kwa hiyo najua mshangao wako umetoka wapi.

Hesabu yako ya kushindwa ni sahihi, siipingi. Ila umehesabu kuta na kuacha kazi aliyoifanya kabla ya hapo. Liang na wenzake ndio waliowawezesha Wachina kuyasoma majengo yao wenyewe: hili ni la mwaka gani, limejengwa kwa kanuni ipi, kipande kipi ni cha asili na kipi kilitiwa juzi na fundi aliyekuwa na haraka. Mwaka 1930 hapakuwa na mtu China aliyeweza kukujibu maswali hayo kwa ushahidi. Jengo ambalo hujui umri wake utalilinda kwa sheria gani?

Hilo neno "baba" nalo nina neno nalo. Mwanzilishi wa chama cha utafiti wa majengo ya kale kilichofanya kazi hii ni Zhu Qiqian, aliyekuwa ofisa wa serikali, na aliyeshika idara ya nyaraka ni Liu Dunzhen, msomi mzito kabisa. Na pembeni ya Liang, mara nyingi mbele yake, alikuwa mkewe, Lin Huiyin. Mwambie mhadhiri wako asiwasahau hao.

Liang alizaliwa Tokyo mwaka 1901, baba yake akiwa uhamishoni. Baba huyo ni Liang Qichao, mwandishi na mwanamageuzi ambaye kila Mchina aliyekwenda shule anamjua. Mwaka 1923 kijana aligongwa na gari akiwa kwenye pikipiki, mguu wa kushoto ukavunjika na kubaki mfupi kidogo, na uti wa mgongo ukamsumbua maisha yake yote hadi ikambidi avae fremu ya chuma kifuani. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye kupanda mapaa. Mwaka 1924 yeye na Lin walikwenda Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Idara ya usanifu majengo haikuwa inapokea wanawake, basi Lin akajiandikisha sanaa, akachukua masomo ya usanifu yote kasoro machache, akafika hadi kuwa msaidizi wa walimu wa idara iliyomkataa. Shahada yake ya usanifu alipewa mwezi Mei 2024, miaka 69 baada ya kufa. Nimeitaja kwa sababu wewe ni binti na uko darasani kwa haki yako.

Akiwa huko, Liang alitumiwa kitabu na baba yake. Kilikuwa mwongozo wa ujenzi wa serikali ya nasaba ya Song, uliotungwa na ofisa aitwaye Li Jie na kuchapishwa mwaka 1103. Zhu Qiqian alikuwa ameukuta kwenye maktaba ya Nanjing mwaka 1919 na kuuchapisha upya. Kijana akaufungua kwa furaha, na furaha ikaisha hapohapo, maana hakuelewa kitu. Herufi alizijua zote, lakini istilahi zilikuwa za mafundi waliokufa miaka 800 nyuma. Fikiria unapewa kitabu cha fundi wa jahazi wa karne ya 12: dasturi, foromali, mkuku, vyote vikiwa na majina ambayo hakuna aliye hai anayeyatumia, na michoro imenakiliwa kwa mkono mara nyingi hadi imepotoka. Kitabu hicho hakikumtoka rohoni. Mtoto wake wa kiume alipozaliwa mwaka 1932 alimwita Congjie, yaani "amfuataye Jie".

Njia aliyopita kukielewa kitabu ndiyo ninayotaka uikamate, kwa sababu ndiyo fani yenyewe. Alipojiunga na chama cha Zhu mwaka 1931, kwanza alikiweka kitabu cha Song kando. Akaanza na kilichokuwa karibu: jumba la kifalme la Beijing na maseremala wazee waliowahi kulikarabati. Akakaa nao kama mwanagenzi, akiwauliza hiki mnakiitaje, kile mnakipimaje. Hao walijua kanuni za nasaba ya Qing, zilizotungwa mwaka 1734. Mhitimu wa Pennsylvania, aliyepita na Harvard, anaandika kwenye daftari anachoambiwa na seremala! Matokeo yakawa kitabu cha kanuni za Qing, kilichotoka mwaka 1934. Alipokwisha kujua ya karne ya 18, ndipo akarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea karne ya 12, kwa kutafuta majengo ya katikati na kuyapima moja moja.

Siri ya kitabu cha Li Jie ni kipimo. Juu ya nguzo za jengo la Kichina utaona vipande vya mbao vilivyopandana kama vidole vinavyobeba sinia, vinaitwa dougong, navyo vinapokea uzito wa paa na kuuteremsha kwenye nguzo. Urefu wa kwenda juu wa mkono mmoja wa dougong ukigawanywa mara 15, upana wake ni 10 za namna hiyo. Mkono huo una madaraja 8 ya ukubwa kulingana na cheo cha jengo, na vipimo vya mbao kuu za jengo hutajwa kwa kipimo hicho. Ukipima kipande kimoja vizuri unaanza kukisia jengo zima, na ukikuta boriti isiyokubaliana na hesabu, umemkamata fundi wa baadaye.

Usidhani hilo ni la Wachina peke yao. Umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za pwani yetu ni vyembamba na virefu? Ni mti wa mkoko. Boriti ya mkoko inayobeba dari ya mawe na chokaa haiwezi kuvuka nafasi kubwa, ni kama mita 2 na nusu au 3 hivi, na upana wa chumba umefungwa hapo, awe tajiri awe nani. Mtu asiyelijua hilo akiingia Mji Mkongwe ataandika kwamba Waswahili walipenda vyumba vyembamba.

Basi wakaanza kusafiri. Aprili 1932 alikwenda Jixian kuliona hekalu la Dule. Kwa vipimo na maandishi akathibitisha kwamba ghorofa la Guanyin, lenye sanamu ya udongo ya kimo cha kama mita 16 ndani yake, ni la mwaka 984. Ghorofa hilo lilisimama katika tetemeko kubwa la Tangshan la mwaka 1976.

Namna walivyoyatafuta majengo inafurahisha. Hapakuwa na orodha yoyote. Kulikuwa na wimbo wa watu wa kaskazini uliotaja maajabu manne: simba wa Cangzhou, pagoda ya Yingzhou, Buddha wa Zhengding na daraja la Zhaozhou. Liang akaufuata wimbo. Kuhusu pagoda, hakutaka kusafiri siku kadhaa akakute imekwishaanguka. Akaandika barua na kwenye bahasha akaweka maneno kama haya: kwa mpiga picha bora wa mji wa Yingzhou. Hakumjua mtu yeyote pale. Barua ikafika! Mpiga picha akajibu kwa kutuma picha ya pagoda, imesimama wima, na malipo aliyoyataka ni karatasi nzuri za barua kutoka Beijing.

Wakaenda mwaka 1933. Ni pagoda ya mbao tupu, ya mwaka 1056, urefu mita 67.31, mbao zimeshikana kwa ndimi na matundu. Walipima ghorofa zote, wakabaki na mnara wa chuma ulioko kileleni, unaofikika kwa minyororo tu. Liang, mwenye mguu mfupi na mgongo mbovu, akaushika mnyororo akaning'inia na kupanda.

Lakini siku kuu ya maisha yake ilikuwa katikati ya mwaka 1937, kwenye hekalu la Foguang katika milima ya Wutai. Wanazuoni wa Japani walikuwa wameandika kwamba jengo la mbao la nasaba ya Tang, iliyokwisha mwaka 907, halipo tena China, na atakaye kuliona aende Nara, mji wa kale wa Japani. Maneno hayo yaliwachoma. Mwanga ukatoka mahali pasipotarajiwa: kwenye picha za mapango ya Dunhuang zilizopigwa na Mfaransa Paul Pelliot, ukuta wa pango namba 61 una ramani iliyochorwa ya milima ya Wutai, na ndani yake hekalu limeandikwa jina, Foguang. Liang akawaza: hekalu hili liko nje ya njia ya mahujaji, kwa hiyo ni maskini, na hekalu maskini halina fedha ya kujengwa upya. Umaskini ni mlinzi mzuri wa mbao kuukuu, hata kwetu.

Walikwenda watu wanne: Liang, Lin, na wenzao vijana Mo Zongjiang na Ji Yutang, wakipanda mlima kwa nyumbu. Ukumbi wa mashariki una upana wa mita kama 34, na ukisimama chini ya upenu unaona paa limechomoza karibu mita 4 mbele ya nguzo, dougong kubwa kama nusu ya kimo cha nguzo zenyewe. Nilipofika mimi, mwongozaji alituacha dakika kumi nzima bila kusema neno, akijua hatusikii. Wao hawakuwa na mwongozaji. Walipanda juu ya dari, gizani, kwenye vumbi la karne nyingi lililojaa mizoga ya popo. Popo hai walining'inia kwa maelfu kwenye mbao, na kila walipowasha taa walikurupuka. Kunguni walioishi na popo wakahamia kwenye mifuko ya kulalia. Walijifunga vitambaa puani, wakapima, wakachora, wakapiga picha, wakitoa vichwa nje ya upenu mara kwa mara kuvuta hewa. Na huko gizani waliona kitu ambacho mpaka siku hiyo walikijua kwenye michoro ya Tang tu: kileleni mwa kenchi, mbao mbili zimeegemeana kama V iliyogeuzwa, bila kijiti cha katikati.

Hayo yote yalikuwa dalili, na dalili haijawa tarehe. Siku ya tatu Lin, aliyekuwa na macho ya kuona mbali, akaona chini ya boriti moja alama hafifu za wino. Boriti ilikuwa juu na imefunikwa vumbi na chokaa. Wanakijiji wawili wakaitwa kujenga jukwaa, na ilichukua siku kadhaa kuosha boriti kwa vitambaa vya maji na kusoma herufi kidogo kidogo, kwani wino ulionekana ukiwa umelowa na kupotea ukikauka. Likatoka jina la mfadhili, mwanamke: Ning Gongyu. Lin akakumbuka kwamba jina hilo aliliona kwenye nguzo ya mawe uani. Akatoka kuhakikisha. Nguzo ile ina mwaka: wa 11 wa enzi ya Dazhong, yaani 857, miaka 12 baada ya mahekalu ya Kibuddha kubomolewa kwa amri ya mfalme.

Sanamu ya mwanamke aliyeketi kwa unyenyekevu pembeni mwa jukwaa la mabuddha, ambayo watawa walimdhania mtu mwingine, wakaitambua kuwa ndiye Ning mwenyewe. Lin alisema angependa na yeye achongewe sanamu akae pale na mama yule, miaka elfu nyingine.

Waliposhuka kutoka milimani walikuta magazeti yenye habari iliyokwisha kupita siku kadhaa: tarehe 7 Julai vita na Japani vilikuwa vimeanza. Sehemu ya vita nitaipitisha haraka. Walikimbilia kusini, wakaishia kijiji cha Lizhuang, Sichuan, kuanzia 1940 hadi 1946. Hasi za picha na michoro mingi walikuwa wameziweka kwenye chumba cha chuma cha benki moja Tianjin, na mafuriko ya mwaka 1939 yakaziharibu. Lin alikuwa kitandani na kifua kikuu. Liang aliuza saa na kalamu ili wale, na akitania kwamba leo tunakaanga saa. Aliandika historia ya usanifu wa China akiwa ameegemeza kidevu kwenye chombo cha kauri ili kumpunguzia mgongo uzito wa kichwa. Jarida la chama lilitoka kijijini hapo kwa kunakiliwa kwa mkono, na humo ndimo ripoti kamili ya Foguang ilimochapishwa.

Kufikia hapo chama kilikuwa kimepita majimbo 15, wilaya zaidi ya 200, kimepima majengo zaidi ya 2,000.

Desemba 1948 jeshi la Wakomunisti lilikuwa limeuzingira mji wa Beijing, wakati huo ukiitwa Beiping. Maofisa wawili wakaletwa nyumbani kwa Liang, chuoni Tsinghua, wamebeba ramani ya kijeshi. Walitaka awaonyeshe mahali pasipopaswa kupigwa mizinga endapo mji utavamiwa. Akachukua kalamu akaweka alama. Mji ulijisalimisha bila vita Januari 1949, lakini akaombwa aandae orodha ya nchi nzima, na Machi mwaka huo ikawa tayari: majengo na mahali zaidi ya 450, kila kimoja na idadi ya viduara kuonyesha uzito wake. Cha kwanza kabisa, chenye viduara vinne, hakikuwa jengo. Aliandika mji wa Beiping wote.

Orodha hiyo ilitokana na miguu na madaftari ya miaka ya 1930. Mwaka 1961 serikali ilipotangaza mahali 180 pa kwanza pa kulindwa kitaifa, Foguang imo, pagoda ya Yingzhou imo, Dule imo. Hilo ndilo jibu la "alihifadhi nini hasa".

Sasa kuta. Februari 1950 Liang pamoja na Chen Zhanxiang, mpangaji miji aliyesomea Liverpool, walipendekeza makao mapya ya serikali yajengwe magharibi, nje ya mji wa kale, na mji wa kale uachwe kama ulivyo. Washauri wa Kisovieti walitaka kila kitu kiwe kuzunguka Tiananmen, katikati ya mji wa kale, na viongozi wakawafuata hao. Liang akarudi na pendekezo jingine: kuta, urefu wa kilomita 39.75, zigeuzwe bustani ya juu, maana upana wake kileleni ni zaidi ya mita 10. Watu wapande jioni kupunga upepo, kuwe na maua na viti, wavue samaki kwenye mfereji chini. Alichora hata mchoro. Wakubwa waliona ukuta ni kizuizi cha magari na ni alama ya ukabaila, na matofali yake yana kazi nyingine. Lango la Yongdingmen lilianguka mwaka 1957. Mwaka huohuo aliandika kwamba kubomoa mnara wa lango kwake ni kama kumegwa nyama ya mwili. Chen akabandikwa jina la mtu wa mrengo wa kulia, jina la hatari wakati ule. Ukuta wa ndani uliondolewa kuanzia 1965 kupisha treni. Walipobomoa Xizhimen mwaka 1969, ndani ya tumbo la lango wakakuta lango jingine, dogo na la zamani zaidi, la mwaka 1358, limemezwa zima. Nalo likabomolewa.

Lakini usimfanye malaika. Mwaka 1955, mwaka aliofiwa na Lin, alishambuliwa kwa kuhimiza mapaa makubwa ya Kichina juu ya majengo mapya ya ofisi, na binafsi naona wakosoaji, pamoja na ukali wao wa kisiasa, walikuwa na hoja: paa la vigae vya kifalme juu ya zege la ghorofa tano ni gharama bila sababu. Alijikosoa hadharani, na kuna maandishi yake ya miaka ile ambayo yanauma kusoma. Pia alipenda mno mahekalu makubwa ya kaskazini. Nyumba ya mkulima na kijiji cha kusini vilibaki pembeni hadi Liu Dunzhen alipoandika juu ya makazi miaka ya 1950, na baadaye sana Chen Zhihua wa Tsinghua alipoanza kwenda vijijini mwishoni mwa miaka ya 1980. Kama Liang angekuja Bagamoyo yako, nadhani angeupima msikiti kwanza na nyumba ya mpangaji angeiacha.

Jambo lake moja ninalolitumia kila wiki kazini ni la meno. Vitani meno yake yalikwisha, na alipokuwa Marekani mwaka 1947 alitengenezewa ya bandia. Daktari hakumpa meupe pepepe kama ya kijana. Alimpa yenye njano kidogo, yameachana kidogo, yanayolingana na uso wa mzee, na hakuna aliyeyatambua. Aliwaambia wanafunzi wake: ukarabati ni hivyo, karabati cha kale kibaki cha kale. Alikuwa na kidonda chake. Daraja la Zhaozhou, upinde wa jiwe wa mita 37 uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 7, lilikarabatiwa miaka ya 1950, na mawe mapya yakalifanya ling'ae kama limejengwa jana. Mwaka 1963 aliandika waziwazi kwamba uzee wake umepotea. Nimeona ukuta wa matumbawe pwani kwetu ukipigwa saruji na rangi nyeupe na mkandarasi aliyejivunia usafi, na baada ya masika mawili chumvi ikaubambua wote. Saruji haipumui, chokaa inapumua. Sitaji ni wapi.

Alifariki Januari 1972, umesema kweli, akiwa ametengwa. Lakini kijijini Lizhuang alikuwa amemchukua mvulana wa miaka 16, Luo Zhewen, akamfundisha kushika kalamu ya kuchorea. Huyo ndiye mmoja wa watu wanne waliopendekeza mwaka 1985 China ijiunge na Mkataba wa Urithi wa Dunia, na mwaka huohuo ikajiunga. Na mwaka 1980, mji wa Pingyao ulipoanza kukatwa barabara pana katikati, matingatinga yakiwa kazini, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Tongji, Ruan Yisan, alikwenda kusimamisha kazi, akaandaa mpango mbadala na wanafunzi wake, akaupeleka Beijing kutafuta nguvu. Mlango mmoja aliobisha ulikuwa wa Luo. Mpango ulisemaje? Mji wa kale uachwe ndani ya kuta zake, mji mpya ujengwe nje. Ni wazo lilelile la 1950. Pingyao iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1997, ukuta wake wa kilomita 6 na ushei umesimama, na mtalii analipa tiketi kuupanda.

Yongdingmen nayo ilijengwa upya mwaka 2004, mbao mpya, rangi mpya. Nyumba aliyokaa na Lin miaka ya 1930, katika kichochoro cha Beizongbu, iliangushwa mwanzoni mwa 2012 ingawa ilikuwa kwenye rejista ya urithi. Waliobomoa walitozwa yuani 500,000 na kuamriwa wairudishe ilivyokuwa. Mimi hucheka kwa uchungu kila nikikumbuka neno hilo, "ilivyokuwa".

Mzee wako msalimie sana. Kuhusu mshahara hajakosea, kianzio ni kidogo na miradi mingi hutegemea wafadhili. Kuhusu kulia, mwambie wengi wetu hatupati nafasi, tunashinda juu ya ngazi na futi kamba. Halafu nijibu hili: umeniandikia kwamba mnapima nyumba ya Bagamoyo, lakini hukuniambia upana wa vyumba wala nafasi kati ya boriti na boriti. Je, chumba cha nyuma kinalingana na cha mbele, na boriti zake zote ni mkoko?